Yeremia Hakuwa na Mtoto, Lakini Alinunua Shamba

SOMO LA JUMA

Maandiko: Yeremia 16:1–4, Yeremia 29:4–7, Yeremia 32:6–15

Kweli ya kushika: Siku ya hesabu Bwana hatauliza tu tumezaa wangapi. Atauliza pia tumeifanyia nini nchi aliyotupa, sisi tulio na watoto na wale wasio nao.



Somo hili nililifundisha kwa kina mama, na mchungaji akaniomba niliandike ili na wengine walisome nyumbani. Wacha nianze na kosa langu, kwa sababu somo lenyewe lilitoka hapo.

Mwaka jana, Jumapili moja kabla ya ibada, mama mmoja wa hapa kwetu Kimulot aliniletea ombi. Kijana wake ameoa miaka minne sasa. Ng'ombe walipelekwa, harusi ilifungwa mbele ya madhabahu, na bado hakuna mtoto. Bibi ya huyo kijana ni binti wa kaka yangu, kwa hivyo mimi ni senge yake. Ningeweza kumwita kando nimuulize. Sikumuuliza. Nilichukua maikrofoni, nikawaita wote wawili mbele, nikaambia kanisa linyooshe mikono, tukaanza kukemea roho ya utasa. Tulikemea kwa nguvu. Watu walilia, wimbo ukainuliwa. Binti alisimama pale ameinamisha kichwa mpaka tukamaliza.

Jioni alikuja kwangu. Aliniamkia vizuri kama kawaida, akakaa jikoni, akaanza kunisaidia kuchambua mboga. Halafu akasema polepole, "Senge, mimi si tasa. Mume wangu pia hana shida. Tulikaa chini, tukaomba, tukakubaliana hatutazaa. Sasa kanisa lote linaniita tasa, na si kweli."

Nilishindwa kuongea. Nikamuuliza kwa nini. Nilidhani ataniambia ni pesa, au ni kazi. Akaniambia ni kwa sababu ya dunia. Anaona dunia imechoka, na hataki kuleta mtu mwingine aje kuishi katika taabu hiyo, na pia aiongeze.

Wapendwa, najua wengine wenu mnasema hapo ni shetani tu. Hata mimi nilisema hivyo moyoni. Lakini nimekaa na jambo hili miezi mingi mbele za Bwana, na nataka nikuonyeshe alichonifundisha.

1. SIKILIZA KABLA HUJAKEMEA

Mithali 18:13 inatuonya kwamba anayejibu kabla ya kusikia anajiletea aibu. Hiyo aibu nimeionja. Kwa hivyo mara ya pili nilimwacha aongee.

Aliniambia si yeye peke yake. Huko Uingereza, mwaka wa 2019, mwanamuziki mmoja anaitwa Blythe Pepino alijulikana kwa kundi la BirthStrike, watu waliotangaza hadharani kwamba hawatazaa kwa sababu ya hofu ya hali ya dunia. Mwaka wa 2021 watafiti waliwauliza vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10, Nigeria ikiwa mojawapo, na karibu 4 kati ya kila 10 walisema wanasita kuzaa kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Tena akaniambia kuna hesabu ya mwaka wa 2017, ya Seth Wynes na Kimberly Nicholas, iliyosema kwamba katika nchi tajiri, kupunguza mtoto mmoja kunazuia moshi mwingi kuliko kuacha gari au kuacha nyama: karibu tani 58 za hewa ya kaboni kwa mwaka.

Hapo nilifikiri nimempata. Nikamwambia, "Hiyo si hesabu yetu." Na kweli, hesabu hiyo ilitengenezwa kwa maisha ya nchi tajiri, tena inambebesha mzazi sehemu ya moshi wa mtoto, wa mjukuu na wa kitukuu. Mkenya wa kawaida anatoa chini ya nusu tani ya hewa ya kaboni kwa mwaka. Mmarekani anatoa karibu tani 14. Mtoto wa Kimulot anayetembea kwenda shule na kuoga kwa karai siye aliyeichafua mbingu. Kama kuna wa kutubu kwanza kwa moshi, wako mbali na hapa.

Binti akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Senge, hiyo ni kweli. Lakini mimi sihesabu moshi peke yake. Nahesabu shamba la guka, na nahesabu maji."

Baba yangu alikuwa na ekari saba. Aligawia vijana wake wanne. Kaka yangu naye ana vijana watatu. Piga hesabu mwenyewe, ukumbuke kwamba humo ndani mna nyumba, choo, boma la ng'ombe na majani chai. Na maji? Nitakuja kwa maji, kwa sababu hapo ndipo Bwana alinishika.

2. NABII MMOJA, MANENO MAWILI

Nilirudi kwa Biblia nikitafuta andiko la kumnyamazisha. Nilijua nitaenda Yeremia 29. Pale Mungu anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli. Wamepoteza nyumba, wamepoteza hekalu, wako chini ya mfalme mgeni. Na katika hali hiyo mbaya anawaambia wajenge, wapande mashamba, waoe, wazae, waongezeke wala wasipungue, na wautafute uzima wa mji walimo. Nikasema asante Yesu, jibu nimelipata: Mungu hangoji dunia iwe tamu ndipo aruhusu watoto.

Neno hilo ni kweli na ninalishika. Ukiogopa kuzaa kwa sababu nyakati ni mbaya, kumbuka watu wa Mungu wamezaa katika nyakati mbaya kila mara. Musa alizaliwa wakati watoto wa kiume wanatupwa mtoni. Bwana wetu alizaliwa wakati Herode anaua watoto. Kama Yokebedi angengoja Farao afe kwanza, tungesoma nini leo?

Lakini nilipokuwa nafungua kurasa kurudi nyuma, nikaangukia sura ya 16. Nimehubiri miaka mingi na sijawahi kulifundisha andiko hilo. Mungu anamwambia Yeremia mwenyewe asioe, wala asipate wana na binti mahali pale, kwa sababu ya maafa yaliyokuwa yanakuja juu ya nchi. Lisome mwenyewe, mstari wa 1 hadi wa 4. Ni nabii yule yule aliyewaandikia wengine wazae. Wengi aliwaambia waongezeke, na mmoja akaambiwa asizae, na kutozaa kwake kukawa ujumbe kwa taifa.

Kwa hivyo, mpendwa, siwezi tena kusema kwamba asiyezaa kwa sababu ya hali ya nchi lazima ana pepo. Yeremia hakuwa na pepo. Paulo katika 1 Wakorintho 7 anasema kila mtu ana karama yake. Na Isaya 56:3–5 Mungu anamwahidi towashi aliye mwaminifu jina lililo bora kuliko la wana na binti. Sisi Kipsigis tuliogopa sana nyumba kuzimika. Hata mila iliruhusu mama asiye na kijana wa kiume aoe mwanamke ili nyumba ipate mrithi. Lakini nyumba ya Mungu haizimiki kwa kukosa mtoto wa damu.

Pia siwezi kumwambia kijana yeyote kwamba kutozaa ni utakatifu kuliko kuzaa. Yeremia aliambiwa na Mungu. Hakusoma habari kwenye simu usiku akaogopa, asubuhi akaamua. Swali la kumuuliza kijana ni hili: Uamuzi huu umeupata kwa Bwana, au kwa hofu? Na sisi wenye watoto sita tuulizwe vile vile: Hao sita tulipewa neno, au tulizaa tu kwa sababu jirani anazaa?

3. AMRI YA KUZAA INA NDUGU YAKE

Tunapenda Mwanzo 1:28, pale Mungu anapowabariki watu wazae na kuijaza nchi. Kwenye harusi haikosekani. Lakini geuza ukurasa mmoja. Mwanzo 2:15 Mungu anamweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Tumeshika amri ya kwanza kwa bidii sana. Ya pili tumewaachia watu wa serikali.

Angalia hesabu. Mwaka wa 1969 Wakenya walikuwa milioni 10.9. Mwaka wa 2019 tulihesabiwa milioni 47.6. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mama wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8. Uchunguzi wa mwaka wa 2022 ulipata 3.4. Maana yake ni nini? Kina mama wa kanisa hili mmeshapunguza, na hakuna aliyewakemea madhabahuni. Mama zenu walikuwa na tisa, nyinyi mna watatu, mkasema ni hekima kwa sababu ya karo na shamba. Sasa kama kutoka tisa mpaka watatu ni hekima, kwa nini kutoka watatu mpaka bila ni pepo? Sisemi ni sawa. Nasema tupime kwa mizani moja.

Sasa nchi yenyewe. Tukiinua macho tunauona msitu wa Mau. Ni zaidi ya hekta 400,000, na mito inayotoka huko inanywesha watu wengi sana. Itare na Kipsonoi zinateremka kutoka huko, na maji yake yanaingia mto Sondu mpaka Ziwa Victoria. Mara nayo inatoka Mau. Mwaka wa 2009 jopo lililoundwa na serikali lilisema kwamba kwa muda wa kama miaka 20 karibu robo ya msitu huo ilikuwa imepotea. Najua jambo hili lina uchungu kwetu. Wengi tuna ndugu waliofurushwa Maasai Mau mwaka wa 2018 na 2019 wakalala nje na watoto. Sitaki kumnyoshea kidole maskini aliyetafuta mahali pa kupanda mahindi, na wakubwa waliogawa msitu tunajua walikuwepo.

Wacha ninyoshe kidole kwangu. Chini ya shamba letu kulikuwa na chemchemi. Nilipoolewa, nilichota hapo maji hata mwezi wa pili wakati jua ni kali. Ilizungukwa na lamaiyat na tebeswet kubwa. Watoto wakaanza sekondari, karo ikatulemea, na kiwanda cha chai kinahitaji kuni za kukausha majani. Mimi na marehemu mzee wangu tukakata ile miti ya zamani, tukapanda blugamu mpaka ukingoni mwa maji. Blugamu inakua haraka, inalipa. Mwaka wa 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza blugamu zing'olewe kando ya mito na chemchemi kwa sababu zinakunywa maji mengi. Tulisikia redioni. Tukacheka. Tukasema huyo waziri alete karo.

Watoto walisoma, asante Yesu. Lakini chemchemi ilipungua mwaka hadi mwaka, ikabaki tope. Leo wajukuu wangu wanapita hapo na mitungi kwenda mbali zaidi.

Sasa jiulize. Mimi nimezaa sita, nimeitii Mwanzo 1:28 mara sita. Nikamkemea binti asiyezaa kwa sababu anaogopa mtoto wake atakosa maji. Na maji nani aliyakausha?

Usiku ule sikulala.

4. SHAMBA LA ANATHOTHI

Sasa fungua Yeremia 32. Yerusalemu imezingirwa. Yeremia amefungwa katika uwanja wa walinzi. Binamu yake Hanameli anakuja kumwambia anunue shamba kule Anathothi. Ni biashara mbaya kabisa, nchi inakaribia kutekwa. Lakini Mungu amemwambia, na Yeremia ananunua kwa shekeli 17 za fedha. Anaandika hati, anaita mashahidi, anapima fedha, halafu anaagiza hati iwekwe katika chombo cha udongo idumu siku nyingi, kwa sababu watu watarudi na kununua tena nyumba na mashamba katika nchi hiyo.

Nimelisikia andiko hili likihubiriwa kama andiko la ploti. Lakini weka sura ya 16 karibu na sura ya 32. Aliyenunua lile shamba aliambiwa asizae. Biblia haimtaji mtoto wake yeyote. Ni nani angerithi? Si kijana wake. Aliwekeza katika udongo kwa ajili ya watoto wa watu wengine, ambao hatawaona.

Hapo ndipo nilipata jibu, na halikuwa lile nililotafuta. Mtu bila mtoto anaweza kuipenda kesho kuliko mwenye watoto sita. Na kutozaa peke yake hakutunzi nchi. Kama Yeremia angekaa tu bila mke, akisema mambo yameharibika, hilo lingekuwa huzuni tu. Yeye alinunua shamba. Hilo ndilo neno langu kwa vijana wanaosema hawatazaa kwa ajili ya dunia: nionyeshe shamba lako la Anathothi. Ukiinyima dunia mtoto kisha usiipe kitu kingine chochote, hiyo si sadaka. Na kwetu wazazi neno ni lile lile. Ukiipa dunia watoto sita na uwaachie tope, umewapa nini?

Nilienda kwa binti wa kaka yangu nikamwomba msamaha. Halafu nilisimama kanisani, pale pale niliposhika maikrofoni, nikaomba msamaha mbele ya watu wale wale. Sikueleza siri zao. Nilisema tu kwamba nilitangaza jambo nisilolijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniruhusu baadaye niandike haya.

Nilimsomea Yeremia 29. Nikamwambia ukweli, bado natamani nimbebe mtoto wake, na bado naomba. Nikamwambia pia asifunge mlango kwa hofu, kwa sababu hofu si mshauri wa mtoto wa Mungu. Akajibu, "Senge, nimelisikia hilo neno. Niache nalo." Nimemwachia. Mama mkwe wake bado hajapoa. Tunaendelea kuombea nyumba hiyo.

Mvua ilipoanza, yeye na mumewe walikuja na miche ya lamaiyat, tebeswet na mianzi. Blugamu tulikuwa tumeshazikata na kung'oa visiki vilivyokuwa karibu na maji. Tulipanda pamoja siku mbili. Chemchemi haijarudi kama zamani. Asubuhi kunakuwa na maji kidogo ya kujaza mtungi mmoja. Lakini wanaochota hapo ni wajukuu wangu.

5. MAMBO YA KUSHIKA

Kwa wazazi na wakwe: Ng'ombe wa mahari hawakununua tumbo la mtu. Omba, shauri, lakini usitangaze. Jambo la nyumba ya watu wawili lianze na hao wawili.

Kwa dada unayemlilia Mungu mtoto na hujapata: Somo hili halifuti machozi yako. Hana alilia, na Mungu alisikia. Tusamehe pale tulipokufanya shuhuda ya kungojewa kila Jumapili.

Kwa vijana: Peleka hofu yako kwa Bwana kabla hujaiita uamuzi. Amueni wote wawili, msiamuliwe na simu wala na mama mkwe. Na uamuzi wowote, uwe na shamba.

Kwa sisi tulio na watoto: Tembea hadi chini ya shamba lako juma hili. Angalia kando ya mto umepanda nini. Huo pia ni urithi.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Soma Yeremia 16:1–4 na 29:4–7. Kwa nini Mungu alisema maneno mawili tofauti kwa nabii mmoja? Sisi tunajuaje neno letu ni lipi?

2. Ni wapi tumemwaibisha mtu kanisani kwa sababu ya kutozaa? Tunaweza kurekebisha vipi?

3. Kila familia iseme: kuna chemchemi au kijito gani karibu nasi? Kilikuwaje miaka 20 iliyopita? Nani atakitunza?

4. "Shamba la Anathothi" lako ni lipi? Unawekeza nini kwa ajili ya watoto ambao si wako?

OMBI

Baba, nchi ni yako na vyote viijazavyo. Utusamehe tuliohesabu watoto na hatukuhesabu maji. Waponye tuliowatangaza kabla hatujawasikiliza. Wape vijana wetu neno lako, si hofu. Tulio na watoto utufundishe kuwaachia nchi inayokalika, na wasio nao uwape jina lisilofutika nyumbani mwako. Katika jina la Yesu. Amina.